Si Wewe Uliyefuta Maneno ya Bibi

Mwanangu Mwita,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nimeona nianze nalo kabla sijapata nafasi ya kulikwepa. Si wewe uliyefuta maneno ya bibi kwenye kompyuta. Ni mimi. Nilijua ni mimi tangu siku ile ile, na nilikaa kimya wakati unagombezwa.

Kesho asubuhi unaondoka na mama yako kwenda Busawe. Leo ni Jumamosi, yeye ameenda gulioni, bibi amelala barazani upande wenye kivuli, na wewe uko nyuma ya nyumba na yule ndama. Nakusikia unamsemesha. Nimekaa mlangoni na karatasi magotini. Sitaandika habari za kupiga mswaki wala kuheshimu walimu. Hayo mama yako atakwambia kila siku mpaka uchoke.

Ukija kuisoma barua hii ukiwa mkubwa, labda utacheka kwamba nimekuita mwanangu. Kwa mila mimi ndiye mdogo. Bibi alizaa wasichana tu, na kwetu mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa kuoa mke. Akatoa ng'ombe, akamleta Robhi hapa Nyarero, na Robhi akakuzaa wewe. Kwa hiyo wewe ni mtoto wa nyumba ya bibi, ndugu yake mama yangu, mjomba wangu. Mama Chacha wa jirani hakuacha kunitania. Kila asubuhi akiona godoro lako limeanikwa, anapaza sauti kutoka kwake: "Ghati! Mjomba wako kajikojolea tena?"

Lakini Robhi alipokwenda kulima kwa dada yake Busawe, ulikuwa hujajua kutembea vizuri, na mgongo wa bibi ulikuwa umeshachoka. Nikakubeba mimi. Nilisoma kitabu huku umefungwa mgongoni, na ukilia nilikusomea kwa sauti chochote kilichokuwa mbele yangu, hata maswali ya jiografia. Ndiyo maana nakuita mwanangu, na sitaki kuacha.

Sasa nieleze ilivyokuwa, taratibu, kwa sababu mara ya kwanza nilifanya haraka.

Unakumbuka ulipoanza darasa la kwanza, bibi aliniita akasema, "Leta kile chuma chako." Ndivyo anavyoiita kompyuta ile ya zamani ambayo mama yangu aliinunua Sirari. Akasema ana maneno ya Mwita, niyaandike, kwa sababu yeye hajui kuandika na hajui ataishi mpaka lini. Akasema kwa Kikurya, polepole, akisimama kila nilipomwomba. Kikurya kina sauti za irabu zaidi ya zile tano za Kiswahili, basi nikaweka nukta mbili juu ya baadhi ya herufi ili ukisoma utamke kama yeye. Nilijivunia nukta zile. Nikaliita faili bibi.txt.

Baadaye kompyuta ile ilikufa ikiwaka, skrini ikawa ya bluu tu. Mwalimu wetu wa kompyuta shuleni akaniwekea mfumo mwingine, mwepesi, ambao kazi zake nyingi unazifanya kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Mafaili yangu aliyaokoa yote. Na mimi nikalipenda lile dirisha jeusi, Mwita, kwa sababu unajua nilivyo. Darasani jibu ninalo lakini mkono hauinuki. Mbele ya dirisha lile hakuna anayenitazama. Naandika, nalo linajibu, au linasema limeshindwa, na hakuna anayecheka.

Kisha masika haya bibi akapata kiharusi. Wewe ndiye uliyemwona kwanza, ukaja mbio kuniambia mdomo wa bibi umekwenda pembeni. Tangu hapo mkono wake wa kulia hauinuki, na maneno yanayotoka ni machache, mengine hayaeleweki. Mimi nasoma kidato cha tano bwenini, hapa niko likizo tu. Hakuna wa kukutunza. Wakubwa wakakaa, wakakubaliana uende kwa mama yako. Hiyo ndiyo sababu ya safari yako, na hakuna nyingine. Naiandika peke yake hapa ili uione.

Robhi alipokuja kukuchukua nilitaka mwende na hadithi zote za bibi nilizokuwa nimeziandika humo, pamoja na yale maneno yake kwako. Nikamtumia hadithi moja kwenye simu yake aone. Akaifungua, akakunja uso.

"Ghati, hivi vijialmasi vyeusi vyenye alama ya kuuliza ndani ni nini? Hiki ni Kikurya au mmekinyunyizia dawa ya mchwa?"

"Ni nukta zangu," nikasema.

"Nukta zako zimeoza, mama wa vitabu."

Nikaona aibu, maana na wewe ulicheka. Nilidhani hadithi zimeharibika. Kumbe hazikuharibika hata kidogo. Nisikilize hapa, kwa sababu hiki ndicho kitu kimoja cha shule nitakachokufundisha leo. Ndani ya faili hakuna herufi. Kuna namba tu, na kuna jedwali linalosema namba hii ni herufi hii. Mfumo wa zamani ulitumia jedwali lake, simu ya mama yako inatumia jedwali jipya. Herufi za kawaida zina namba zile zile katika yote mawili, ndiyo maana maneno mengi yalisomeka. Zile zenye nukta ndizo zilizotofautiana. Simu ilikutana na namba isiyoijua, ikaweka alama ya kuuliza. Maandishi yalikuwa mazima. Aliyekosea alikuwa msomaji.

Na kutengeneza ni rahisi. Unaiambia kompyuta: soma kwa jedwali la zamani, andika kwa jipya, weka matokeo kwenye faili jingine. Amri yenyewe ni hii:

iconv -f CP1252 -t UTF-8 sungura.txt > sungura2.txt

Nilifanya hivyo kwa hadithi ya sungura, nikaituma, Robhi akaisoma bila kukwama. Nikafanya kwa hadithi ya fisi, ikakubali. Nikaanza kujiona fundi. Nikaona majina haya ya sungura2 na fisi2 yanachafua folda. Kwa nini nisiandike matokeo kwenye jina lile lile? Lililofuata lilikuwa bibi.txt. Nikaandika jina lake kushoto, nikaandika jina lake kulia, nikabonyeza.

Dirisha halikusema kitu. Mimi nilijua kwamba likinyamaza, kazi imekwenda sawa. Basi nikanakili folda nzima kwenye flashi, juu ya nakala ya zamani iliyokuwa humo, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi nikalifungua faili. Lilikuwa tupu.

Sasa najua kwa nini. Ile alama ya mshale inamaanisha: andaa chombo cha kupokea. Na mashine huandaa chombo kwanza, kwa kumwaga chote kilichomo, kabla programu haijaanza kusoma. Nikiwa nimetaja jina lile lile pande zote mbili, nilimwaga sufuria ili nipate pa kupakulia chakula kilichokuwa ndani yake. Programu ilipokuja kusoma ilikuta sufuria kavu. Ikasoma ukavu, ikaandika ukavu, ikamaliza bila kulalamika. Na kwenye flashi lile faili tupu lilikuwa limelifunika zima.

Nilikaa pale nikibonyeza kufungua na kufunga, kama mtu anayefungua kabati mara nyingi akidhani sukari itarudi. Nadhani nililia kidogo. Kisha nikasikia hatua za Robhi, na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Nani kagusa kompyuta?"

Sikusema ni wewe. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku hiyo, kwamba sikulitaja jina lako, niliuliza tu. Lakini katika nyumba hii nani mwingine angeguswa na swali lile? Bibi? Robhi aligeuka moja kwa moja.

"Mwita! Umefanya nini tena?"

Ukasema, "Sijui." Hukusema hapana. Asubuhi ile ulikuwa umebonyeza vitufe ukijifanya karani, nilikuona, nikacheka, na nilijua hukuharibu kitu. Wewe hukujua. Ukaona labda ndiyo, umefuta. Mama yako alipoliona lile faili tupu akakwambia, "Bibi yako hawezi kuongea tena, na yale machache aliyoacha umeyamaliza wewe!" Ukanitazama mimi. Nami nikatazama kibodi.

Tangu siku hiyo umekuwa mtoto mzuri kupita kiasi, na inanitisha. Unafagia bila kutumwa. Juzi Mama Chacha alikuuliza mbele yangu, "Eti mura, kijana wangu, unahamia Busawe? Kwani umefanya kosa gani?" Alikuwa anatania, ndivyo alivyo. Wewe ukamjibu kwa sauti ya chini, "Nilifuta maneno ya bibi."

Yeye akacheka, akaenda kumsimulia mwingine. Mimi sikucheka. Nilielewa kwamba kichwani mwako mambo mawili yameungana: ulifuta, kwa hiyo unafukuzwa. Na jana, ulipokuwa unakunja nguo zako, uliniuliza, "Dada, bibi kanichoka?" Nikasema, "Hapana, jamani." Neno dogo namna hiyo. Ulikuwa unahitaji maneno ya bibi mwenyewe, na hayo nimeyamwaga.

Nikuambie na hili lingine, maana ndilo linaloniumiza zaidi. Baada ya hapo nilijaribu kuyatengeneza upya. Nilifunga mlango nikaandika kutoka kichwani. Unajua nasoma sana na nina maneno mengi. Nikaandika vizuri, Mwita. Vizuri mno. Nikaweka baraka ndefu mwanzoni. Nikaliita bibi.txt, na nilikusudia kumwambia kila mtu kwamba limepatikana, kompyuta imelirudisha. Wewe ungefurahi, mimi ningepona, na bibi asingeweza kubisha kwa sababu hawezi kuongea.

Nikalisoma tena leo asubuhi. Bibi haongei vile. Bibi hajawahi kunibariki kwa sentensi ndefu. Akikupenda anakuuliza kama umekula. Nikaona ninataka kukupa mtu mwingine ambaye hayupo, nikuambie huyu ndiye bibi yako, ukue ukimkumbuka yeye. Kufuta lile faili nilikosea, mkono ulikwenda. Hili lingekuwa jambo la kukusudia.

Mimi nimeishi nikidhani mtu mwenye haya hawezi kumdhuru mtu. Tunakaa pembeni, hatugombani, hatupazi sauti. Nimejifunza mwezi huu kwamba unaweza kumuumiza mtu vibaya sana kwa kunyamaza tu mahali ulipopaswa kusema "ni mimi". Ni maneno mawili. Nilikuwa na muda wa kuyasema. Robhi alisimama pale mlangoni muda mrefu, na wewe ulinitazama.

Sikuambii uwe jasiri. Mimi si jasiri, nitakufundishaje? Nakuambia tu kwamba haya yako, kama umerithi yangu kwa kubebwa mgongoni, isikufanye umwachie mwenzako mzigo wako. Na ukishutumiwa jambo usilolifanya, usiseme "sijui" kwa sababu tu aliyekuuliza ni mkubwa. Wakubwa nao wanaogopa. Mimi nilikuogopa wewe, mtoto wa darasa la pili, kwamba utaacha kunipenda.

Namsikia Robhi anaongea na mtu njiani. Amerudi. Naiacha kalamu hapa. Nikiandika zaidi nitakuwa naandika ili nisiende.

Naendelea. Jua linazama na nimekaa pale pale.

Nilitoka nje. Robhi alikuwa anatua kapu la nyanya, wewe umemshikia upande mmoja, bibi ameamka amekalishwa kwenye mto wake. Nikasema nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingeweza.

"Mama Mwita, lile faili nililifuta mimi. Mwita hakugusa kitu."

Robhi alinigeuzia uso kana kwamba hakusikia. "Lini umejua?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile! Na ukaniacha nampigia kelele mtoto?"

"Ndiyo."

"Ghati." Kisha akasema kwa sauti ya chini kuliko niliyoitegemea, "Ningekuwa na fimbo karibu ningekuchapa na ukubwa wako huo."

Wewe uliachia kapu, nyanya zikamwagika, ukaenda kusimama nyuma ya kiti cha bibi. Nilidhani utalia. Ulinikazia macho tu, na mimi safari hii sikuangalia pembeni.

Nikaleta kompyuta. Nikamwambia bibi kwamba maneno yake yamepotea, kwamba nimejaribu kuyaandika upya, na nitamsomea kipande kwa kipande. Ambacho si chake anizuie. Mkono wake wa kushoto ni mzima. Nikaanza kusoma yale maneno yangu mazuri. Bibi akajipiga gotini kwa kiganja: hapana. Nikafuta sentensi. Nikasoma inayofuata, akajipiga tena. Baraka yote ndefu ilikwenda hivyo, neno moja moja, na Robhi akaanza kucheka pembeni, "Mfute mwandishi huyo, bibi, mfute!"

Nikafika mahali nilipokuwa na uhakika: "Mwita, nilitoa ng'ombe kwa ajili yako kabla sijakuona." Mkono haukupiga. Bibi akafumba macho, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Pale ndipo, siku aliponisemea mara ya kwanza, alipowataja wale ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi na pembe, na mimi sikuwakumbuka. Nikasema hivyo. Hapa sikumbuki, bibi. Akajaribu kusema, ikatoka sauti tu, akakasirika, mate yakamtoka. Ukamfuta kwa kiganja chako.

Robhi akaacha nyanya.

"Hao ng'ombe si walitolewa kwa ajili yangu?" akasema. "Mimi ndiye niliyesimama pale nikiwatazama wanaingia zizini kwa baba yangu. Andika. Mweusi mwenye doa jeupe tumboni."

Nikamtazama bibi. Ndiyo.

"Yule wa kijivu, mama wa ndama wawili. Na mwekundu asiye na pembe, alikuja anachechemea, baba yangu akataka kumrudisha. Bibi akamwambia, huyu anachechemea kwa sababu ametoka mbali, nawe ungechechemea."

Bibi akacheka. Nusu ya uso wake haikucheka, lakini sauti ilikuwa ile ile yake. Na wewe, kutoka nyuma ya kiti, ukauliza, "Yule mwekundu alitolewa kwa ajili yangu?"

"Wote," Robhi akasema. "Wote, wewe mtoto. Mimi nilikuwa njia tu."

Nikasoma la mwisho ninalolikumbuka kwa hakika. "Ukienda popote, unaenda kama mtu anayetoka kwake. Huendi kama mtu anayetafuta pa kukaa." Bibi hakutikisa kichwa. Aliupeleka mkono wa kushoto nyuma, akakutafuta, akakushika sikio kama anavyofanya siku zote, akakuvuta mbele akuone. Akasema neno. Nilisikia "tata", yaani baba. Wewe ulisema ulisikia zaidi ya hapo, na sitabisha, wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Faili sasa ni fupi. Mahali ambapo hatukupata nimeandika: hapa bibi alisema jambo, Ghati halikumbuki. Nimelihifadhi kwa jina jipya, nikalifungua kwanza nione kama lina kitu, nikalituma kwenye simu ya mama yako, akalisoma kwa sauti mpaka mwisho. Robhi bado hajanichekea sawasawa. Wewe hujaniongelesha, umekula na ukaenda kumfunga ndama. Una haki.

Baada ya hapo nilivaa kandambili nikaenda kwa Mama Chacha. Alikuwa anapepeta mtama. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba lile alilowasimulia watu juu ya Mwita si kweli, aliyefuta ni mimi, na naomba kila aliyemsimulia amrudie amwambie hivyo. Akaweka ungo chini.

"Wewe? Ghati wa vitabu?"

"Ndiyo, shangazi. Mimi."

"Na unataka nikaseme hivyo kwa watu?"

Nikasema ndiyo. Akanitazama, akasema atasema, na kwamba atalisema vizuri sana. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani, nikaokota nyanya zilizokuwa zimebaki uani, nikakaa kukushonea mkanda wa begi lako.

Ghati